Niandike jina la nani? Barua ya wazi kuhusu wakunga, wauguzi na kalamu ya dawa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya; Katibu Mkuu na Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Afya; Baraza la Wauguzi na Wakunga wa Uganda; Mamlaka ya Taifa ya Dawa; na waheshimiwa wabunge wa Kamati ya Afya.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Busia, mpakani. Naomba muuguzi na mkunga aliyefundishwa aruhusiwe na sheria kuandika dawa kwa jina lake mwenyewe. Mimi ni mkunga kwa miaka 17 sasa, na miaka 11 kati ya hiyo nimeitumia katika kituo kimoja cha afya cha ngazi ya tatu upande wa ziwani. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayonibeba kazini. Kliniki yangu ya wajawazito ya Jumanne ina Wasamia, Wagwe, Wateso, Wajaluo, wachuuzi wa mukene, yaani dagaa, kutoka Majanji, na akina mama wanaovuka kutoka upande wa Kenya na mimba zao. Sote tunaelewana kwa Kiswahili.

Mwaka jana tulipata mkunga mpya, binti aliyemaliza chuo miezi michache tu kabla. Wiki yake ya kwanza alinifuata na karatasi ya dawa mkononi. Alikuwa amempima mama mmoja, amekuta maambukizi ya njia ya mkojo, amechagua dawa inayofaa kwa mimba ya miezi mitano, na dozi yake ilikuwa sahihi. Kilichomkwamisha ni mstari wa mwisho, ule wa jina la aliyeandika dawa. Akaniuliza, "Sista, hapa niandike jina la nani?"

Nikamwambia aandike jina la afisa tabibu wetu. Afisa tabibu siku hiyo alikuwa Kampala kwenye mafunzo, siku ya tatu. Binti alinitazama kidogo, kisha akaandika. Mimi niliyepaswa kumfundisha ukweli wa kazi hii ndiye niliyemfundisha kudanganya kwenye karatasi ya serikali. Usiku ule sikulala vizuri, na barua hii imetokana na usiku ule.

Waheshimiwa, mnajua vituo vyetu vilivyo. Kile cha ngazi ya pili, cha parishi, kinaendeshwa na muuguzi. Anayepima, anayeamua, anayeandika na anayetoa dawa ni mtu mmoja. Ngazi ya tatu, ya kaunti ndogo, ina afisa tabibu akiwepo, na wodi ya wazazi yenye wakunga. Daktari anaanza kupatikana ngazi ya nne. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wananchi wa vijijini, wanapougua, mtu wa kwanza na mara nyingi wa mwisho kuwaamulia dawa ni muuguzi au mkunga. Wao wenyewe hawatofautishi. Kwao sote ni "musawo", yaani tabibu. Mama akija na mtoto mwenye homa saa mbili usiku hamwulizi aliyefungua mlango alisomea nini. Anamwita musawo na kumpa mtoto.

Sasa tazameni sheria. Sheria ya Sera na Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya mwaka 1993, ninavyoisoma, imewaachia madaktari wa watu, madaktari wa meno na madaktari wa mifugo kazi ya kuandika dawa zilizodhibitiwa. Wauguzi na wakunga hawakupewa nafasi hiyo. Sina kinyongo na daktari wa mifugo, ng'ombe wa baba yangu wamepona mikononi mwao. Nasema tu kwamba sheria iliyomwona yeye haikumwona mkunga wa ngazi ya tatu, na tangu hapo zaidi ya miaka 30 imepita.

Upande mwingine kuna Orodha ya Dawa Muhimu ya taifa, ambayo imepanga kila dawa kwa ngazi ya kituo: hii iwepo ngazi ya pili, hii ya tatu, hii hospitalini. Kuna Mwongozo wa Tiba wa Uganda, toleo la 2023, unaonieleza ugonjwa kwa ugonjwa nifanye nini katika ngazi yangu. Mzigo wa Bohari ya Taifa ya Dawa unafika, tunahesabu maboksi, tunatia saini, tunapanga kabatini. Kwa hiyo dawa imeruhusiwa kukaa katika chumba changu. Mwongozo unanitaka niitumie. Mkono wangu tu ndio haujatajwa.

Nitawapa mfano mmoja, na mnivumilie niueleze wote, kwa sababu ndani yake mna mambo yote ninayotaka kusema.

Msichana wa miaka 19, mimba ya kwanza, aliletwa usiku kwa bodaboda, akiwa katikati ya dereva na mama mkwe wake. Kifafa cha mimba. Alikuwa ameshatetemeka mara mbili njiani na mara ya tatu alitetemekea mlangoni kwangu. Presha ilikuwa 170 kwa 110. Afisa tabibu alikuwa mapumzikoni. Nilipiga simu ya gari la wagonjwa, nikaambiwa limepeleka mtu mwingine, nisubiri.

Magnesiamu salfeti ilikuwepo. Dozi ya kwanza ni gramu 4 mshipani, polepole, kisha gramu 10 kwenye misuli ya matako, 5 kila upande. Ni dawa inayookoa kweli, na ni dawa inayoua ikitolewa kiholela. Ikizidi mwilini inazima goti kwanza, kisha inazima pumzi. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata unapaswa kuhakikisha mambo matatu: mgonjwa anavuta pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, goti lake likigongwa mguu unaruka, na mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa. Kimojawapo kikikosekana, unaacha. Na pembeni lazima uwe na kalsiamu glukonati, dawa ya kuipinga, ambayo usiku huo tulikuwa na ampuli moja.

Haya yote niliyajua. Sikuyajulia chuoni. Nilifundishwa na mkunga mzee, marehemu sasa, aliyenisimamia mwaka wangu wa pili kazini na kunilazimisha niyaseme kwa sauti kila tulipompa mama sindano hiyo. Nilimpa msichana yule dawa. Nilimwekea mpira wa mkojo, nikakaa naye nikihesabu pumzi kwa saa yangu ya mkononi. Gari lilifika baada ya saa mbili na nusu. Alijifungua hospitalini kwa upasuaji. Mtoto sasa anaanza shule.

Kule hospitalini, ambako sitapataja, aliyempokea alisoma karatasi yangu ya rufaa na kuniuliza mbele ya ndugu zake, "Nani alikuruhusu kumpa hii?" Nikajibu kwamba mwongozo unasema nitoe dozi ya kwanza kabla ya rufaa. Akasema mwongozo si sheria, anataka jina la aliyeandika. Nikataja jina la afisa tabibu aliyekuwa amelala nyumbani kwake bila habari yoyote. Niliporudi kituoni alfajiri nilimweleza afisa tabibu, akacheka kwa huruma, akatia saini. Hivyo ndivyo tunavyolindana. Karatasi za kituo changu, waheshimiwa, zinaonyesha kwamba afisa tabibu mmoja amewaona wagonjwa mchana na usiku, Jumapili na sikukuu, hata siku alizokuwa msibani kwao. Mkitaka kupanga watumishi kwa kutumia karatasi hizo, mtapanga kwa kutegemea mtu ambaye hayupo.

Msichana yule alipona, ndiyo maana hakuna aliyenifuatilia. Mwenzangu wa darasa, wilaya nyingine, hakupata bahati hiyo. Alimchoma mama mjamzito sindano ya penisilini ya kaswende, baada ya kipimo kusoma chanya, kama tunavyofanya sote kila wiki. Mama akapata mzio mkali. Adrenalini, sindano ya kumwokoa mwenye mzio wa namna hiyo, kituoni ilikuwa imekwisha. Polisi walipokuja, swali la kwanza lilikuwa lile lile: nani aliandika? Alikaa mahabusu siku mbili. Hakuna aliyeuliza kwa nini adrenalini ilikuwa imekwisha. Dada yule sasa anauza vitenge, na wilaya ile imepoteza mkunga mzuri sana.

Najua hoja ya madaktari wetu, na wengi wao nawaheshimu kwa dhati. Wanasema wauguzi wakipewa kalamu dawa zitaandikwa ovyo na usugu wa vimelea dhidi ya dawa utaongezeka. Sitakataa kwamba dawa zinaandikwa ovyo. Nimeona mtoto mwenye mafua matupu akipewa antibayotiki kwa sababu mama yake ametembea kilomita saba na musawo ameona haya kumrudisha mikono mitupu. Nimeona kipimo cha malaria kimesoma hasi na bado mgonjwa akaondoka na Coartem. Nimeona wakunga, na hili linaniuma kulisema, wakitumia oksitosini kuharakisha uchungu wa mama bila kumfuatilia, hadi kizazi kikapasuka. Mimi mwenyewe katika miaka yangu ya kwanza niliwahi kuandika vitu ambavyo leo nisingeviandika.

Lakini haya yote yanatokea sasa hivi, wakati kalamu tumenyimwa. Kutunyima hakujazuia hata kidonge kimoja. Kumezuia tu mafunzo, kwa kuwa huwezi kumfundisha mtu rasmi kazi unayosema rasmi kwamba haifanyi.

Chuoni, katika kozi yangu ya cheti ya miaka miwili na nusu, famakolojia, yaani somo la dawa, tulifundishwa kama orodha ya kukariri: jina la dawa, kundi lake, matumizi, madhara. Tulijua kutoa dawa iliyoandikwa na mwingine. Hakuna aliyetukalisha na kutufundisha kuamua. Ni kazi mbili tofauti kabisa. Anayeamua anapaswa kujua ni lini asitoe. Anapaswa kupima uzito wa mtoto kabla ya kugusa dawa, kwa sababu Coartem ya mtoto wa kilo 14 ni kidonge kimoja kwa mara moja na wa kilo 15 ni viwili, na kukadiria kwa macho ni hatari. Anapaswa kuuliza mzee wa presha anakunywa nini kingine nyumbani, agundue kwamba mgongo unamuuma na kila siku ananunua diklofenaki dukani, na presha haiwezi kushuka huku figo zinaumia.

Nipeni nafasi nieleze jambo moja zaidi la aina hii, kwa sababu linanihusu na bado linanichoma. Mwaka 2012 Wizara iliamua kwamba kila mjamzito mwenye virusi vya ukimwi aanzishiwe ARV za maisha bila kusubiri CD4, kipimo cha kinga ya mwili. Ulikuwa uamuzi mzuri sana, na mzigo wake tuliubeba sisi wakunga, hapo hapo kliniki ya wajawazito. Baadaye ikaja dolutegraviri, dawa bora kuliko zilizotangulia. Siku hiyo hiyo, mezani hapo hapo, mama huyo huyo nampa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma. Kwa muda mrefu niliwaambia akina mama wameze vyote asubuhi, kabla ya kwenda shamba, ili wasisahau. Wengi wa akina mama wangu asubuhi hawali kitu.

Chuma hushika dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie mwilini vizuri. Vikimezwa pamoja na chakula hakuna shida. Bila chakula, dolutegraviri inapaswa kumezwa saa mbili kabla ya chuma au saa sita baada yake. Hili niliambiwa na mfamasia aliyekuja kutukagua, tena kwa bahati, kwa sababu alinisikia nikimwelekeza mama mmoja. Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia. Kisha nikarudi nikachukua rejista, nikaanza kuwatafuta akina mama wangu mmoja mmoja. Sitaki mkunga mwingine ajifunze jambo kama hili kwa bahati ya kusikiwa na mpita njia.

Waheshimiwa, hakuna ninachoomba ambacho nchi hii haijawahi kukifanya. Mnakumbuka habari ya mofini, ile dawa kali ya maumivu.

Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akaleta mofini ya maji, inayotengenezwa kwa kuchanganya unga na maji, rahisi, ya kunywa. Kikwazo kilikuwa sheria. Mgonjwa wa saratani alikuwa kijijini, daktari mwenye ruhusa ya kuandika mofini alikuwa mjini, na watu walikufa wakilia. Serikali ingeweza kusema mofini ni hatari mno kwa muuguzi. Badala yake, mwaka 2004, zilitungwa kanuni zilizowaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa wa maradhi mazito, kuandika mofini ya kunywa. Kozi yao ilikuwa ya miezi tisa. Uganda ikawa ya kwanza duniani kuwapa wauguzi ruhusa hiyo kwa mtindo huo, na nchi nyingine za Afrika zikaja kujifunza kwetu.

Nimemwona muuguzi mmoja wa aina hiyo akifanya kazi. Alikuja kumwona shangazi yangu, aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alikaa kwenye mkeka. Alimwuliza maumivu yako wapi, yanakuja saa ngapi, yanamwamsha mara ngapi. Akamwanzia chupa ya kijani, ile hafifu, akamwonyesha mtoto wake wa kiume jinsi ya kuvuta mililita kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, na dozi mara mbili ya kulalia. Kabla hajaulizwa akasema dawa hii inafunga choo, akaacha vidonge vya kulainisha, na kuwaambia vikiisha wakaushe mbegu za papai wazisage. Akaandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi, cheo chake na saini yake. Baada ya siku tatu alirudi. Shangazi alikufa baada ya wiki saba, akiwa amelala usingizi wa kawaida, akiongea na watu wake.

Jina lake mwenyewe. Mofini, dawa inayoogopwa kuliko zote kabatini, ina muuguzi mwenye ruhusa, mafunzo na saini. Amoksilini haina. Na hata hapo kuna jambo ambalo sijaweza kulielewa: tangu 2010 timu zetu za afya za vijiji, VHT, watu wa kujitolea waliofundishwa kwa siku chache, wameruhusiwa kwa mpango rasmi kuwapa watoto amoksilini ya nimonia, Coartem, na chumvi ya kuharisha pamoja na zinki. Nawaunga mkono kabisa, wameokoa watoto wengi hapa kwetu. Lakini mama wa VHT anajua hasa mpaka wake uko wapi, ana kitabu chenye picha na ana mpango unaomtambua. Mkunga mwenye diploma anayemsimamia hana.

Wenzetu wengine nao walipita njia hii. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1992, ikaanza na wauguzi wa jamii na orodha fupi sana ya dawa, na ilichukua hadi 2006 kuwafungulia karibu dawa zote wale waliosomea. Afrika Kusini mwaka 2010 ilianza kuwafundisha wauguzi wa zahanati kuanzisha ARV wenyewe. Walikwenda hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ilikuwa sheria na darasa pamoja.

Ninachoomba kinaanza hapo. Kanuni kama zile za 2004, zilizopanuliwa: muuguzi au mkunga aliyesajiliwa, aliyefaulu kozi inayotambuliwa ya kuandika dawa, aruhusiwe kuandika dawa za orodha fulani, kwa ngazi ya kituo chake, kwa jina lake. Orodha haina haja ya kubuniwa, ipo tayari, inahitaji tu safu moja zaidi inayosema nani. Sitaki dawa zote. Sitaki dawa za saratani wala za wodi ya wagonjwa mahututi. Nataka zile ninazozitoa leo: za malaria, za nimonia ya watoto, za kaswende na maambukizi ya mkojo kwa wajawazito, za kuzuia kutokwa damu baada ya kujifungua, za kifafa cha mimba, ARV, uzazi wa mpango, na kuendeleza dawa za presha na kisukari kwa mgonjwa ambaye daktari alishamwanzishia.

Kozi yenyewe isiwe semina ya siku tatu hotelini. Nimekwenda semina nyingi. Tunapewa kalamu, daftari na nauli, tunarudi na cheti, na hakuna anayekuja kuona kama tumebadilika. Iwe kozi ya miezi kadhaa, nusu yake ikiwa kazini, chini ya mtu anayekutazama ukiamua na kukuuliza kwa nini. Mtihani wake uwe wa wagonjwa, uwe mgumu, na wasiofaulu wasipewe. Yule mkunga mzee aliyenifundisha magnesiamu hakuwa na sifa yoyote ya ualimu, alikuwa na uvumilivu na fimbo ya kugonga goti. Wapo wengine kama yeye katika kila wilaya. Watumieni kabla hawajastaafu.

Baraza la Wauguzi na Wakunga, nanyi nawaomba: kwenye rejista yenu wekeni alama kwa aliyesomea kuandika dawa, ili mfamasia, polisi au hospitali inayopokea rufaa iweze kuuliza na kujibiwa siku hiyo hiyo. Na anayeandika vibaya baada ya kufundishwa, mwiteni, mchunguzeni, mnyang'anyeni ikibidi. Sisi tunaoomba kalamu tunaomba na lawama yake. Tumechoka kujificha nyuma ya saini ya mtu mwingine, na yeye amechoka kutusainia.

Mamlaka ya Taifa ya Dawa, kwenu nina neno la duka la dawa. Mnajua kwamba maduka mengi ya vijijini yanaendeshwa na wauguzi na wakunga wenzetu. Leseni yao ni ya dawa za daraja C tu, zile zisizohitaji cheti cha daktari, na ninyi na sisi tunajua kilicho chini ya meza. Kila mkija kukagua wanafunga milango, mkiondoka wanafungua. Muuguzi aliyefundishwa, mwenye orodha fupi halali na daftari mnaloweza kulikagua, ni rahisi kumsimamia kuliko yule anayeficha. Lakini hapo kuna hatari ya kweli, kwa kuwa anayeandika ndiye anayeuza, na tamaa ya faida haiponi kwa kozi. Kwa maoni yangu anzeni na vituo vya serikali na vya mashirika ya dini, maduka yaje baadaye kabisa.

Mishahara sitaigusa hapa. Ina barua yake.

Takwimu mnazo kuliko mimi. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa 2016 ulionyesha akina mama 336 wakifa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na ule wa 2022 ukaonyesha 189. Sisemi ni kazi yetu peke yetu. Barabara zimechangia, damu imechangia, vituo vya ngazi ya pili vilivyopandishwa kuwa vya tatu vimechangia. Lakini katika wale waliopona wamo wengi ambao mtu wa kwanza kuwachoma sindano usiku alikuwa mkunga, na kwenye karatasi yake kuna jina lisilo lake.

Kuna jambo moja la mwisho, la utaratibu, na naomba msilidharau kwa sababu ndilo linaloua mipango mizuri. Kituo changu kina wakunga wawili, mimi na yule binti. Mkifungua darasa la kwanza kesho, nitaomba niwe ndani yake, na nikishakaa darasani yeye atabaki peke yake na wodi, kliniki, chanjo na zamu zote za usiku. Hatamudu, na mimi sitakubali kuondoka. Kwa hiyo katika bajeti ya mafunzo, kabla ya posho na vitabu, wekeni mkunga wa kushika nafasi kwa kila anayekwenda kusoma. Awepo kituoni wiki mbili kabla sijaondoka, nimwonyeshe kabati, friji ya oksitosini inayozima mvua ikinyesha, na mahali ninapoficha ampuli za kalsiamu glukonati ili zisiishe.

Wenu katika kazi,

Mkunga, kituo cha afya cha ngazi ya tatu, Wilaya ya Busia